Sifa ya Mfyekaji

Sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, matufaha yako ya daraja mbili. Makubwa, mekundu, yaliyofutwa yakang'aa na kubandikwa kila moja kibandiko chake, hupangwa juu ya meza mahali ambapo mpita njia hawezi kuyakosa. Hayo yamepita Tunduma ndani ya lori kutoka Afrika Kusini. Madogo, yenye makovu, kijani upande mmoja na wekundu wa kusitasita upande wa pili, hukaa chini ndani ya ndoo ya plastiki. Hayo huja wakati wa mvua kutoka Makete, Njombe na milima ya Uporoto. Mteja akiuliza bei ya yale ya kwenye ndoo, muuzaji humjibu huku mkono wake ukimsogezea ya mezani.

Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Kilimo, chini ya Waziri Hussein Bashe, ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi, kujibu vikwazo ambavyo nchi hizo zilikuwa zimeyawekea mazao yetu. Afrika Kusini ilikuwa imezifungia mlango ndizi za Tanzania kwa miaka mingi. Marufuku yenyewe iliondolewa baada ya siku chache, kabla meza nyingi hazijawa tupu. Lakini katika siku hizo chache watu walianza kuulizana swali ambalo Mbeya haikupaswa kuliuliza: kumbe na sisi tuna mitufaha? Iko wapi?

Mingi iko porini. Simaanishi kwamba iliota porini. Pori ndilo lililoifuata.

Historia yake ni fupi, na ni ya watu walioondoka. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia Unyakyusa, na kabla karne haijaisha wale wa Berlin walikuwa wamepanda hadi Ukinga, huko Bulongwa na Tandala. Walikuja na Biblia, na walikuja na miche. Mwaka 1916 Waingereza walipoiteka Tukuyu, Wajerumani hao walikamatwa, wakachukuliwa, na makanisa yao yakaangaliwa kwa muda na Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Wakarudi katikati ya miaka ya 1920, nao walowezi wakaja nyuma yao kuanzia Iringa na Mufindi hadi Mbozi. Vita vya mwaka 1939 vikawaondoa tena. Baadaye, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha hata Waafrika waliokuwa wamejipandia mitufaha yao mlimani, ikawapeleka kando ya barabara. Kila wimbi la kuondoka liliacha nyuma safu za miti isiyo na mwenyewe, na mti wa matunda usio na mwenyewe katika nchi inayopata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili hauhitaji miaka mingi kupotea machoni.

Nimewatazama wafyekaji wakiitafuta miti hiyo, hasa juu ya Isyonje, pale njia ya Kikondo na Makete inapoachana na barabara ya Tukuyu. Ni nchi ya viazi na pareto, baridi, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, ambako mwezi Juni mtu hushika mpini wa jembe kwa mkono wa sweta. Ninachotaka kusema juu yao ni kifupi, ingawa maelezo yake ni marefu: kazi yao ni ufundi kamili, sawa na useremala na ushonaji, na sisi tunailipa kama kazi ya mtu yeyote aliyekosa kazi nyingine.

Tuanze na chuma. Mfyekaji wa Nyanda za Juu hategemei panga peke yake. Chombo chake ni nyengo: mpini mrefu, bapa la chuma lililopinda kichwani, makali ndani ya pindo. Panga hukata kile unachokipiga. Nyengo huvuta kile unachokitaka na kukiacha usichokitaka, maana ncha yake iliyopinda inaweza kuingia nyuma ya mti wa miiba, ikaukamata shingoni na kuutoa bila kugusa kilicho jirani. Nyengo nzuri hainunuliwi dukani. Hufuliwa kwa springi chakavu za malori, chuma kilichokwisha kubeba mizigo ya watu hadi kikachoka, na ukipita pembezoni mwa soko la Mwanjelwa utawasikia mafundi wake kabla hujawaona. Mbeya iliwahi kuwa na kiwanda chake cha zana za kilimo, ZZK, kama Dar es Salaam ilivyokuwa na UFI ya Ubungo. Lakini ujuzi wenyewe ni mkongwe kuliko kiwanda chochote. Wakinga, wenye milima hiyohiyo ambayo leo inatoa matufaha ya ndooni, walikuwa wahunzi mashuhuri. Majembe yao yalishuka bondeni kwa Wanyakyusa, na chakula kikapanda mlimani kuwalipa.

Makali hunolewa kwa tupa asubuhi na kwa jiwe mchana. Mfyekaji mzuri husimama mara nyingi kunoa, na mwenye shamba asiyejua kazi hudhani anategea. Ukweli ni kwamba chuma butu hakikati kijiti. Hukipasua, na kijiti kilichopasuka huchipua matawi matatu mahali pa moja. Basi saa ya kunoa ni saa ya kazi. Ningeweza hata kusema ni ya kwanza kwa thamani, lakini kuna nyingine inayoitangulia, nayo ni saa ya kutokata kitu.

Mfyekaji anayejua huingia porini mikono mitupu. Anatembea, au anatambaa panapohitajika, akitafuta gome. Gome la mtufaha mzee ni la kijivu, lenye magamba, na katika baridi ya Uporoto huota ndevu za ukungu zinazoning'inia kila tawi, kiasi kwamba mti ulio hai huonekana mfu. Kwa hiyo hahukumu kwa macho. Anakwaruza kwa ukucha. Chini ya gome la mti mfu kuna kahawia kavu. Chini ya gome la mti hai kuna kijani chenye maji. Nilimsikia kijana mmoja wa kibarua akimwambia mzee aliyemwongoza, "Mzee, huu umeshakufa, tuushushe tu." Mzee hakubishana. "Ukwaruze kwanza, mwanangu." Ulikuwa hai, na kijana akauzunguka akikwaruza tawi moja baada ya jingine kwa mshangao wa mtu aliyeponea chupuchupu kuua.

Akishapata miti miwili, kazi inageuka kuwa hesabu. Wazungu waliopanda bustani hizi walipanda kwa kamba, safu zilizonyooka, nafasi sawa. Mfyekaji hupima kwa hatua umbali kati ya mti na mti, halafu husimama mgongo ukiegemea wa pili, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kichaka kizito na kusema: hapa ndani kuna mwingine. Mara nyingi kweli upo. Wakati mwingine kuna kisiki tu, au shimo. Lakini tangu dakika hiyo pori limekwisha kupoteza siri yake. Chini ya fujo yote kuna mistari, na mwenye kuijua mistari hawezi tena kukata kwa kubahatisha. Kwangu mimi hapa ndipo sifa ya kazi hii inapoanza. Mtu anayeitwa hana elimu anasoma mchoro uliochorwa na mkono uliokwisha kuondoka nchini tangu babu yake hajaoa.

Ndipo kukata kunaanza, na kunaanza mbali. Nyengo hufanya kazi yake katikati ya safu, mahali panapovumilia makosa. Karibu na shina haingii kabisa. Hapo mfyekaji hupiga magoti na kutumia panga fupi, mkasi na vidole, kwa sababu jeraha moja la chini ya mti mzee ni mlango wa kuvu, na mti wa umri huo hauna haraka ya kufunga kidonda. Mimea inayotambaa, ile iliyopanda hadi kileleni na kuufunika mti mzima, haivutwi. Hukatwa chini na kuachwa ikauke juu hukohuko. Anayeivuta ikiwa mbichi hushuka nayo vijiti vifupi vilivyokunjamana ambavyo mgeni huviona kuwa takataka, na hivyo ndivyo mtufaha hubebea matunda. Kijiti kimoja cha aina hiyo huishi na kuzaa miaka mingi. Kukitengeneza upya kunachukua misimu, na kukivunja ni sekunde.

Halafu kuna jua. Hili wengi hawalijui, hata mabwana shamba wengine. Mti uliokaa kivulini miaka mingi una ngozi laini, na jua la milimani ni kali ingawa hewa ni baridi. Ukiuvua ghafla mwezi Septemba, gome la upande wa magharibi hubabuka, likapasuka, na baada ya mwaka unaona ubavu mzima wa shina umekuwa mbao kavu. Mwenye shamba atasema mti ulikuwa mzee, ulikufa wenyewe. Haukufa wenyewe. Mfyekaji mwenye adabu huacha pazia la vichaka upande wa jua la jioni kwa msimu mmoja zaidi, au huipaka miti chokaa shinani. Shamba lake mwaka wa kwanza huonekana limefyekwa nusu, na majirani humcheka.

Adui halisi wa bustani za huku si nyasi. Ni miwati. Mwaka 1949 kampuni ya TANWAT ilianzishwa Njombe kupanda miti hii kutoka Australia kwa ajili ya magome yake, yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama, na tangu hapo mwati umejisambaza wenyewe katika kila shamba lililoachwa. Mbegu yake ina ganda gumu, nayo inaweza kulala ardhini miongo kadhaa. Kinachoiamsha ni moto. Hapa ndipo desturi yetu ya Oktoba inapotugeuka: tunafyeka, tunachoma, tunajipongeza kwa weusi wa ardhi uliopakwa vizuri, mvua inanyesha, na miwati elfu inaota pamoja mahali ilipokuwa ishirini. Moto huohuo umekwisha kupita chini ya mitufaha na kuichemsha ngozi. Sijui kazi nyingine ya shamba ambayo uvivu wake hufanana sana na bidii. Mtu anayechoma huonekana ametenda jambo kubwa, moshi unaonekana hadi Uyole, ilhali aliyekata miwati mmoja mmoja chini kabisa kwa usawa wa udongo, akasubiri mvua, akang'oa miche kwa mkono ingali na mizizi ya uzi, hana cha kuonyesha isipokuwa shamba.

Milingoti, yaani mikaratusi, ni habari nyingine. Mwati mkubwa ukikatwa chini sana kwa kawaida hukubali kufa. Mlingoti hukatwa leo na kesho kutwa una machipukizi. Wazee waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi wana dawa yake, na ni dawa ya subira. Hawaukati kwanza. Huuvua gome kuzunguka shina, mkanda mpana wa kutosha, na kuuacha umesimama. Majani yanaendelea kula jua lakini chakula hakiwezi kushuka mizizini. Mizizi inatumia akiba yake hadi inakwisha. Ndipo mti unaangushwa. Kwenye chai walijifunza hivyo kwa hasara, maana kisiki cha mti wa msituni kilichoangushwa kikiwa na shibe yake hulisha kuvu wa mizizi aitwaye Armillaria, naye hutambaa chini kwa chini kutoka kisiki hadi kwenye mche wa chai, na kutoka mche hadi mche. Mtufaha nao ni chakula chake. Uingereza, katika mji wa Southwell, upo mti uliooteshwa kwa mbegu na binti aitwaye Mary Ann Brailsford mwaka 1809, mama wa matufaha yote ya kupikia yanayoitwa Bramley. Mnamo mwaka 1900 dhoruba iliuangusha, nao ukajiinua upya kutoka kwenye shina lililolala. Dhoruba haikuuweza. Kinachoumaliza taratibu ni kuvu huyohuyo wa jenasi ya Armillaria.

Basi yule mzee wa Mufindi anayezunguka mlingoti na panga lake, akimenya gome kwa utulivu na kuuacha mti umesimama, anafanya kitu ambacho kijana wa msumeno wa mashine hakielewi. Kijana anaweza kuangusha milingoti yote kabla ya saa sita mchana. Na ataacha visiki vyote vikiwa na shibe.

Takataka zilizokatwa nazo zina adabu zake. Nyanda za Juu zina darasa zuri la jambo hili ambalo hatulihitaji kutoka ng'ambo. Wamatengo wa Mbinga, katika kilimo chao cha ngoro, hulaza majani yaliyofyekwa katika miraba kisha huyafukia kwa udongo unaochimbwa katikati, hadi mlima mzima unakuwa mashimo yanayokamata maji. Wafipa hufukia nyasi ndani ya matuta yao ya duara, zikaoza humo na kulisha zao. Hakuna kati yao anayetupa majani motoni akaita huo usafi. Katika bustani ya mitufaha majani yaliyofyekwa hutandazwa katikati ya safu, na matandazo hayo husimama umbali wa mkono mmoja kutoka shinani. Ukiyasogeza hadi kwenye gome umewajengea panya nyumba yenye chakula mlangoni. Watalitafuna gome kuzunguka shina usiku mmoja wa baridi, na hapo watakuwa wameufanyia mti wako kile mzee alichoufanyia mlingoti.

Inapofika Julai, mti umepumzika na majani yamepungua, mfyekaji anapanda juu. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mtufaha methali hii haifai kitu. Mti wa miaka sitini unakunjika vizuri, ila hautaki kukunjwa kwa siku moja. Ukiupogoa wote mwaka mmoja, unashtuka: mwaka unaofuata unatoa fimbo nyingi zilizosimama wima, ndefu, zisizozaa, na wewe unakata hizo, nao unatoa nyingine. Kwa hiyo hutolewa robo ya matawi, au theluthi kwa mti wenye nguvu, mwaka wa kwanza yakitangulia yaliyokufa na yanayosuguana, na kazi inamalizwa mwaka wa tatu. Mfyekaji hukata, hushuka, hurudi nyuma hatua kadhaa na kutazama. Kushuka huko kunakera wenye haraka. Lakini ukiwa juu ya mti huwezi kuuona mti.

Na lipo jambo gumu kuliko yote haya: kujua ni mti upi ulio ndani ya mti. Mtufaha wa bustani ni miti miwili iliyounganishwa. Kikonyo cha aina nzuri hubebeshwa juu ya shina la aina nyingine iliyochaguliwa kwa ajili ya mizizi yake. Waingereza wa vituo vya utafiti vya Merton na East Malling, kwa mfano, walizalisha mashina kutokana na aina iitwayo Northern Spy kwa sababu vidukari wa sufi, wale wanaojifunika unga mweupe, hawaiwezi mizizi yake. Mti ukiachwa, mara nyingi shina la chini huchipua, machipukizi yake hupanda kwa nguvu kuliko mwenyeji wake, na baada ya miaka thelathini kinachoonekana ni mti mmoja mnene kumbe ni mgeni aliyemzidi mwenye nyumba. Mfyekaji hutafuta uvimbe wa zamani wa kiungo karibu na udongo, kisha hulinganisha majani: ya juu ya uvimbe yana upana huu, ya chini yana meno yale. Akikosea atafyeka aina nzuri na kulea mwitu. Akipatia, atakuwa ameokoa kitu ambacho pengine hakipo tena mahali pengine popote mkoani.

Hapa msomaji mwenye akili ya biashara ataniuliza kwa nini tusing'oe vyote tukapanda parachichi. Ni swali la haki. Rungwe na Njombe zimeona pesa za Hass, kama zilivyoona za misindano kabla yake, na simlaumu mkulima mwenye watoto shuleni anayeangusha mitufaha isiyozaa. Mwenye ekari moja na njaa asisikilize insha. Na kama atataka matufaha, aina mpya zipo: Anna, iliyozalishwa Israeli na Abba Stein katika miaka ya 1950, na Dorsett Golden ya Bahama, mwenzi wake wa kuchavushana, zote hazidai baridi nyingi. Mtufaha wa kawaida wa Ulaya hudai saa 800 na zaidi za baridi kali kabla haujachanua sawasawa; Anna huridhika na 300 au pungufu. Kule Batu, Java, Waindonesia hawana baridi ya kutosha hata hiyo. Baada ya mavuno huuvua mti majani yote kwa mikono ili kuudanganya kwamba umepita majira ya baridi, nao huchanua tena na kuzaa mara mbili kwa mwaka. Elimu ya kutosha ipo.

Lakini fikiria bustani iliyoachwa imefanya nini. Kwa nusu karne hakuna aliyeinyunyizia dawa. Hakuna aliyeitilia mbolea. Vidukari walikuja, ukungu ulikuja, baridi ya Kitulo ilikuja na umande wake wa barafu, miwati ikaibana. Walioipanda walileta aina nyingi bila kujua ni ipi ingeivumilia nchi hii. Pori likauliza swali hilo kila mwaka, na miti mingi ikajibu kwa kufa. Iliyobaki, ile ambayo mzee anaikwaruza na kukuta kijani, ndiyo majibu. Hakuna kituo cha utafiti, hata TARI Uyole iliyo jirani yetu, kinachoweza kumudu jaribio la miaka hamsini bila huduma yoyote. Sisi tumelipata bure kwa sababu ya uzembe wetu, na tunaliteketeza kwa kiberiti kabla ya kusoma matokeo. Mtufaha wenyewe si mgeni wa vichaka. Mababu wake ni miti ya mwitu ya milima ya Tian Shan, jirani na jiji la Almaty, ambako hadi leo inasimama msituni ikisukumana na miti mingine. Unajua kuishi porini. Unachohitaji kwetu ni kusogezewa majirani kidogo ili uweze kuzaa.

Ndiyo sababu mfyekaji hapaswi kuwa mtu anayelichukia pori. Mlima Rungwe, unaoonekana kutoka kwenye bustani hizi siku ya anga safi, una msitu wa kipunji, nyani ambaye sayansi haikumjua hadi alipotangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote. Nchi kama hii haifyekwi kwa hasira. Wafyekaji ninaowasifu huacha mti wa asili uliojiotea kwenye kona, huacha kichaka chenye maua karibu na mizinga, maana mitufaha mingi haizai bila chavua ya mtufaha mwingine na nyuki ndiye mshenga. Tena wao hukwepa kiota. Ukiwauliza kwa nini, hawana nadharia. Watakuambia tu hakikuwa kikimsumbua mtu.

Sasa malipo. Kazi ya kufyeka huku hulipwa kwa ngwe: kipande kimepimwa, bei imekubaliwa, ukimaliza mapema ni faida yako. Kwa shamba la mahindi ni utaratibu wa haki, wala sina ugomvi nao. Kwa bustani ya zamani ni utaratibu wa kuua miti. Unamlipa mtu kwa wingi wa alichokata ilhali thamani yake iko katika alichoacha. Anayefuata ngwe hawezi kukwaruza gome, hawezi kupima safu kwa hatua, hawezi kukata mtambaa na kuuacha ukauke, hawezi kushuka mtini kutazama. Kila kitendo cha ufundi kinamtoa pesa mfukoni. Halafu tunasema vijana wa siku hizi hawana ujuzi. Wanao, au wangekuwa nao; wanaona tu kwamba ujuzi haulipwi.

Kwa hiyo, wewe uliyerithi shamba la mlimani lenye safu zilizozama, Makete, Njombe, Umalila au hapo Uporoto: usimwite mwenye msumeno wa mashine wala mwenye kiberiti. Nenda kwa mzee anayejua kunoa, mpe kijana wako mmoja wa kujifunza naye, na umlipe kwa siku, si kwa ngwe. Waanze Juni. Mwezi Julai, kabla ya kupogoa, wakate vikonyo vya kila mti uliokutwa hai na wavibebeshe kwenye miche michanga, ili mti mzee hata ukifa aina yake ibaki. Uvumilie kuchekwa na majirani mwaka wa kwanza. Na matufaha yakianza kushuka Mwanjelwa, mwambie muuzaji ayapandishe mezani.